Lori Lililokataa Kwenda Musoma

Hendibreki haikuvutwa. Thadeo alilirudia neno hilo asubuhi nzima, kana kwamba kuna mtu amemshtaki. Na kweli, dereva gani wa Butiama anavuta hendibreki usiku wa Julai, baridi na umande vikakesha vinalowesha tairi, halafu alfajiri akute viatu vya breki vimegandana na dramu? Alikuwa ameliacha lori kwenye gia, akaweka jiwe nyuma ya tairi, akaenda kulala. Sasa jiwe ameliondoa, injini inanguruma, magunia ya pamba ya ushirika yamepangwa hadi juu yakisubiriwa Musoma, na gurudumu la nyuma la kulia limeng'ang'ana.

"Lete maji ya moto!" alimfokea mkewe.

Wegesa alileta sufuria, akamimina. Mvuke ulipanda, na ndani ya mvuke kulikuwa na harufu ya nywele zinazoungua.

"Thadeo, unasikia hiyo harufu?"

"Lininga ya breki hiyo. Hunukaga hivyo."

Akachukua nyundo kugonga dramu ili ibanduke. Pigo la kwanza, chuma kililia kama chuma. La pili, kiliguna. La tatu, kikatoka kikohozi, kikavu, cha mtu aliyebanwa kifua, kikamalizikia na kasauti kadogo ka kujikaza ambako Wegesa alikuwa amekasikia tangu akiwa mtoto mgongoni.

Hicho kilikuwa kikohozi cha bibi yake, Wankyo, aliyemlea kule Guta baada ya mama kufa. Tangu mwezi wa tano, watu wa Guta walipotolewa kwenye miji yao ya ukoo na kupelekwa kijiji kipya cha ujamaa, Wankyo hakuonekana. Thadeo ndiye aliyeendesha lori la kuwahamisha. Alirudi nyumbani akasema kibibi kimegoma, kimepanda mtumbwi, kimekwenda kwa ndugu zake Bukima. Wegesa akaagiza watu Bukima. Hayupo. Akaagiza tena. Hajafika. Alipomuuliza mumewe kwa mara nyingine aliambiwa ana mdomo mrefu.

"Hiyo ni sauti ya bibi," alisema.

Mpini wa nyundo ulimpata mdomoni. Jino likaanguka kwenye maji ya moto.

"Utasema ujinga mbele ya gari la watu?"

Sasa niambieni. Chuma kimemshinda mwanaume, ndiyo mdomo wa mke ufunguliwe kama bolti?

Wegesa hakulia. Alitema damu, akavuka barabara kumwita Mbuke, mganga wa kike anayenusa ugoro kuliko anavyokula. Mbuke alikuja akiwa amejifunga blanketi, akaweka sikio kwenye dramu, akalitoa haraka.

"Shemeji, fungua hili gurudumu."

"Kwani wewe fundi?"

"Mimi siyo fundi. Wewe ndiyo fundi, mbona linakukatalia? Fungua."

Thadeo alipiga jeki, akafungua, akaing'oa dramu. Ndani, kuzunguka viatu vya breki, zilikuwa zimesokotwa nywele za mvi, zimekaza kama kamba, na ngozi ya kichwa bado imeshikana nazo, mbichi, inavuja damu, imechanganyika na udongo mwekundu wenye majani ya kukandikia ukuta.

"Uligonga nini, shemeji?"

"Mbwa."

"Mbwa wako wanaota mvi?"

Thadeo alizikata nywele kwa kisu, akazitupa majanini, akarudisha gurudumu. Akatia gia ya kwenda mbele. Lori halikutikisika. Mbuke akavuta ugoro wake, akasema kwa sauti ya chini kwamba hili siyo la kufukiziwa dawa, hili linajua linakotaka, jaribu rivasi. Lori lilirudi nyuma bila kelele, laini, mpaka pua yake ikatazama Bunda.

"Basi nalipeleka kwa fundi Bunda," Thadeo alisema. Wegesa alikuwa ameshapanda, bila kukaribishwa, na Mbuke nyuma yake.

Walifika Bunda kweli. Ila Thadeo alipotaka kusimama, pedali ya breki ilikuwa ngumu kama mwamba, akaikanyaga kwa mguu mmoja, akaikanyaga kwa miwili, huku lori likiongeza mwendo katikati ya watu wanaokimbia, likapita juu ya mbuzi wawili na baiskeli, na usukani ukajizungusha wenyewe kuelekea Guta kwa nguvu iliyomvunja dole gumba akiwa bado ameushika, akapiga yowe, na kutoka chini ya sakafu, miguuni pake, kikohozi kikamjibu.

"Nani huyo?" Wegesa alinong'ona. "Thadeo, nani yuko chini?"

"Nyamaza. Nakuomba nyamaza."

Guta ya zamani haikuwa na mtu. Migomba ilikuwa imekauka, milango imechukuliwa, na lori lilipita kati ya miji ile mitupu likafika kwenye lundo la udongo mwekundu lililokuwa nyumba ya Wankyo, likasimama. Breki zilishika zenyewe, kwa upole, kama anavyosimama dereva mzuri.

Wegesa aliruka chini. Alichimba kwa kucha, alichimba kwa kipande cha fito, hakuhitaji kwenda mbali: kitambaa cha kichwa, halafu fuvu lisilokuwa na ngozi juu, halafu mkono mmoja ulionyooshwa kuelekea mlangoni. Wa pili haukuwa mzima. Uliishia kwenye kiwiko.

"Hapa ndiyo Bukima?" alipiga kelele. "Thadeo! Hapa ndiyo Bukima?"

Thadeo alitia gia. Alimwona mkewe amepiga magoti mbele ya bampa, akaona na kilichokuwa mikononi mwake, akakanyaga mafuta mpaka mwisho, maana lundo hilo lilikwisha kumfunika mmoja na lilikuwa na nafasi ya mwingine.

Lori lililia, likatetemeka, halikusogea hata unene wa kidole. Breki ziliishika ile nguvu yote. Dramu ya nyuma ikawa nyekundu, ikawa nyeupe, tairi likawaka, moto ukapanda kwenye magunia, na pamba kavu ikalipuka juu ya kichwa chake kwa mngurumo mmoja. Thadeo akazima injini, akasukuma mlango. Haukufunguka. Akapiga kioo kwa ngumi mpaka mifupa ikatokeza, kioo hakikupasuka.

"Wegesa! Fungua! Mke wangu, fungua!"

Wegesa alivuta mlango kwa mikono miwili, ngozi ya viganja ikabaki kwenye chuma.

"Haufunguki! Mbuke, haufunguki!"

"Mwulize!" Mbuke alipaza sauti kutoka mbali. "Mwulize bibi yako alimwambia nini!"

"Bibi yangu alikuambia nini, Thadeo?"

"Ndugu Clementi alisema nisukume kwa lori! Katibu wa chama mwenyewe! Alisema nyumba zote zilazwe wasirudi!"

"Sijamuuliza Clementi. Bibi alikuambia nini?"

Nywele za Thadeo zilikuwa zinawaka. Aliweka mdomo kwenye kioo.

"Alisema, 'Ngoja, baba, natoka.' Nikamsikia. Breki ilikuwa hapa, chini ya mguu, Wegesa. Sikukanyaga."

Mlango ukafunguka wenyewe.

Lakini Thadeo hakutoka. Wegesa alimshika mkono akamvuta, akavuta kwa uzito wake wote, kisha akainama kutazama kilichomzuia. Mguu wake wa kulia ulikuwa umekanyaga breki hadi kwenye bati, na juu ya kiatu, mkono mkavu uliokatikia kwenye kiwiko, udongo mwekundu kwenye kucha, ulikuwa umeukandamiza.

"Bibi," Wegesa alisema. "Bibi, amesema. Mwachie."

Vidole vikakaza.