Iliki Katika Maziwa ya Dhirajlal

Dhirajlal alikutwa stoo, ameanguka kati ya magunia ya mbegu za mahindi, shati limelowa jasho kama mtu aliyenyeshewa. Macho yalikuwa nusu wazi, lakini hakuitika jina lake. Kando yake kilikuwa kikombe cha maziwa, kitupu.

Ilikuwa mwaka 1971, mjini Nakuru, siku ya Ekadashi, ambayo Wahindu wengi hufunga wasile nafaka, ila maziwa huruhusiwa.

Inspekta Kiprugut alifika mgonjwa akipakiwa kwenye gari la hospitali. Alipiga goti karibu na kikombe, akamwomba Mungu kimoyomoyo ampe macho ya kuona. Chini ya masalio ya iliki aliona chenga nyeupe.

Kanji, mdogo wa Dhirajlal, hakuwa na shaka. Maziwa yaliletwa na Wanyoike, mpishi, na wiki ileile Wanyoike alikuwa amenyimwa ruhusa ya kwenda kwao Kuresoi kuvuna viazi. "Amemtilia sumu, Bwana Inspekta. Unangoja nini?"

Wanyoike akafungwa selo. Kikombe kikapelekwa kwa Mkemia wa Serikali.

Hospitalini Daktari Jasbir alimpa Kiprugut jibu ambalo hakulitarajia. Damu ya Dhirajlal ilikuwa karibu haina sukari. Alikuwa mgonjwa wa sukari, akitumia vidonge, na alikuwa amewaficha watu wote isipokuwa mkewe, Daksha.

"Vidonge vyenyewe ni sumu?" Kiprugut aliuliza.

"Ni dawa nzuri. Lakini vinashusha sukari, mtu awe amekula au hajala. Ndiyo maana namwambia ameze baada ya kula."

"Basi alimeza akiwa amefunga."

"Hawezi. Kabla ya kuanza kufunga alikuja kuniuliza, nami nikamwambia siku hiyo asimeze kabisa." Daktari alitazama chupa ya glukosi iliyoning'inia juu ya kitanda. "Tunampa hii, anaamka, kisha anazama tena. Kidonge hiki hukaa sana mwilini. Na mdomoni tulimtoa sukari guru. Ni bahati hakupaliwa. Mtu aliyezimia halishwi kitu."

Kiprugut alirudi kituoni akiitafakari ile sukari guru. Mtu anayemtilia mwenzake sumu hamlishi kitu kitamu baadaye.

Wanyoike aliketi kwenye simiti, bila mshipi wala viatu.

"Maziwa uliyachemsha wewe?"

"Ni mimi, afande."

"Ukampelekea moja kwa moja?"

"Mama aliniita kwanza. Akasema nimpe kikombe atie iliki."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema nini? Kutia iliki ni makosa?"

Kiprugut alituma gari likamlete Daksha. Alikuja amejifunika kichwa, macho yamevimba. Inspekta alimpa kiti, akamwagizia chai. Hakuigusa.

"Mama, nani alimkuta mzee kwanza?"

"Shemeji yangu, Kanji."

"Kanji hajui kaka yake ana ugonjwa wa sukari. Kuna mtu alimtia sukari guru mdomoni kabla Kanji hajafika. Mtu huyo alijua mzee anaumwa nini hata kabla ya daktari."

Daksha alisogeza kikombe cha chai kando.

"Niliponda vidonge," alisema. "Viwili. Cha leo, na kingine cha mfungo uliopita, maana nacho alikiruka."

"Kwa nini?"

"Yeye alisema tu, leo sinywi dawa. Nikiuliza sababu, anasema hayo si mambo yangu. Nikajua ni ukaidi wa kufunga. Baba yangu kule Kisumu aliacha dawa hivyohivyo, wakamkata mguu, akafa. Sikutaka kuwa mjane."

"Daktari ndiye aliyemkataza kumeza akifunga."

Daksha aliinua kichwa polepole. "Daktari?"

"Yeye mwenyewe. Na kidonge kilichorukwa hakilipwi kwa kuongeza kingine. Ungemuuliza daktari, angekuambia."

Alilia bila sauti. Kiprugut alimwacha alie. Alimwonea huruma, lakini nyuma ya mlango ule kulikuwa na mtu kwenye simiti.

"Ulimwona Wanyoike akifungwa pingu, ukanyamaza."

"Kanji angesema mke amemuua mume. Nikasema moyoni, mzee akiamka, nitasema."

"Na asipoamka?"

Daksha alifuta uso kwa ncha ya sari.

"Lete karatasi," alisema. "Lakini andika kwanza kwamba Wanyoike hakujua. Hayo mengine yafuate."

Kiprugut aliandika hivyo, mstari wa kwanza. Kisha akaweka kalamu chini, akachukua funguo, akaenda mwenyewe kufungua selo.