Ndimu Saba Jikoni kwa Fidencio

Fidencio Osuna alikuwa amelala chali kati ya friji na meza, na uso wake haukuwa uso tena. Mtu alikuwa amempiga kwa mchi wa kinu cha jiwe, ule wa kusagia pilipili, tena si mara moja wala mbili. Kana kwamba hiyo haikutosha, alimchoma shingoni kwa kisu cha kufungulia chaza na kukiacha humo humo.

Ilikuwa saa saba mchana, Jumamosi ya kwanza tangu msimu wa kamba ufunguliwe. Mazatlán nzima ilinuka kamba wabichi.

Inspekta Nidia Tirado aliruka dimbwi la damu akasimama mezani. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na moja, mfupi, mwenye magoti mabovu na mdomo uliomkosesha vyeo viwili. Alikuwa na tabia ya kukagua chakula kabla ya maiti, na wenzake walimcheka kwa hilo.

Mezani kulikuwa na bakuli la kamba waliochemshwa na kumenywa, pweza aliyekatwa vipande, kitunguu, giligilani, sosi ya nyanya, chupa ya soda ya machungwa, na jagi la supu ya maganda ya kamba iliyopoozwa kwa barafu. Bilauri mbili ndefu zilikuwa zimeshajazwa mchanganyiko huo. Moja imeliwa nusu, nyingine haijaguswa. Zote zilikuwa na parachichi juu.

"Alikuwa na mgeni," Nidia alisema. "Parachichi halikatwi mpaka mtu aketi, la sivyo linakuwa jeusi. Na alimkaribisha kwa heshima zote."

"Mgeni tunaye, Kamanda," alijibu Sajenti Bañuelos, akionyesha uani kwa kidevu. "Mkwewe, Efraín. Majirani wamemkuta amemkumbatia marehemu, shati zima damu. Na jana waligombana hadharani, mtaa mzima umesikia. Kazi imekwisha hii. Twende tukale."

"Una tumbo wewe, huna kichwa. Saa ngapi amekufa?"

Daktari wa polisi aliinua macho. "Saa tano hivi. Pigo la kwanza lilitosha. Mengine ni hasira tu."

Nidia alisogea kwenye sinki. Vipande kumi na vinne vya ndimu vilikuwa vimetapakaa mle, vimekamuliwa mpaka ngozi, na nyama yake ilikuwa na rangi ya waridi. Pembeni, sabuni ilikuwa kavu kabisa.

"Bañuelos, ukimaliza kumenya kamba unanawa na nini?"

"Ndimu. Sabuni haitoi shombo."

"Basi na muuaji naye. Amesimama hapa na damu mpaka viwikoni, sabuni anaiona, mkono unakwenda kwenye ndimu wenyewe. Huyu amemenya kamba maisha yake yote."

"Hiyo ni nusu ya mji, Kamanda."

"Najua. Chukua picha, funga vyote kwenye mfuko wa ushahidi."

Efraín alikuwa amefungwa pingu kwenye nguzo ya geti, amevaa fulana, jua likimchoma utosini. Walikuwa wamemwacha hapo kwa saa nzima. Jicho moja lilikuwa limevimba.

"Nani kampiga?"

"Amejigonga," alisema Bañuelos.

"Ukimgonga tena, nitakugonga mimi." Nidia alichuchumaa kwa shida, magoti yakalia. "Mligombania nini jana?"

"Nilimwambia mtoto akizaliwa tunahamia kwetu Durango, mama. Akaniita mla nyama wa milimani. Akasema mwanamume asiyekula kamba hawezi kulea mjukuu wake."

"Huli kamba?"

"Wananitapisha. Mara chungu nzima ameninunia kwa hilo."

"Mikono ikiwa michafu unanawa na nini?"

Efraín alimwangalia kama mtu aliyeulizwa na mwendawazimu. "Sabuni. Kwani nyinyi mnanawa na nini?"

Kando ya geti alikuwa amesimama mkewe, Maclovia, binti wa marehemu, mimba ya miezi saba. Hakulia. Alimshika Nidia mkono kwa nguvu mpaka kucha zikaingia.

"Baba yangu ameshakufa, Kamanda. Msinichukulie na huyu."

Sheria inampa mwendesha mashtaka saa arobaini na nane: amfikishe mtuhumiwa kwa hakimu, au amwachie. Mwendesha mashtaka alikuwa ameshaamua. Damu kwenye shati, ugomvi, mashahidi tisa. Jumatatu saa saba Efraín angesomewa mashtaka ya mauaji ya kukusudia, na huko hakuna mtu anayetoka kabla ya miaka thelathini. Nidia alijua pia kwamba Bañuelos alitaka ungamo kabla ya saa hiyo, na alijua jinsi Bañuelos anavyoyapata maungamo. Alilala kituoni, kiti kikiwa kimeegemezwa kwenye mlango wa mahabusu.

Jumapili alasiri alikwenda matangani. Jeneza lilikuwa limefungwa. Hapakuwa na cha kuonyesha. Kwenye kiti cha kwanza, karibu na mishumaa, aliketi Hilario Zatarain, mvuvi mstaafu, amevaa shati jeusi la mikono mirefu lililofungwa mpaka kifungo cha mwisho. Huyu na Fidencio walikuwa makompadre. Hilario ndiye aliyemshika Maclovia kwenye maji ya ubatizo, na huko kwetu baba wa ubatizo ni zaidi ya ndugu wa tumbo moja.

"Don Hilario, jana asubuhi ulikuwa wapi?"

"Nyumbani, mwanangu. Gauti. Nililala gizani na feni mpaka waliponipigia simu."

"Hukutoka hata mlangoni?"

"Hata pua sikuitoa."

"Msimu umefunguliwa, kompadre wako anatengeneza kokteli ya kamba, na hakukualika?"

Hilario alitikisa kichwa taratibu. "Tangu mwanangu Ulises afe baharini mwezi wa saba, kamba sili."

Nidia alimpa pole. Kila mtu aliijua habari ile. Ulises, miaka ishirini na saba, alikuwa kwenye boti ya Fidencio walipokwenda kuiba kamba wakati uvuvi umefungwa. Fidencio alirudi peke yake akasema kijana alikuwa amelewa, akateleza. Maiti haikupatikana.

Jumatatu saa nne walimzika. Joto lilikuwa la kukausha mate. Wanaume sita walibeba jeneza, watano wamekunja mikono ya mashati, Hilario peke yake amefunga vifungo. Walipolishusha kaburini kamba ikamponyoka, akaguta. Nidia alikuwa nyuma yake. Aliona mkono wa shati jeusi umelowa, na haikuwa jasho; kitambaa kilikuwa kimegandana na ngozi.

Alingoja udongo umwagwe. Kisha akamshika kifundo cha mkono.

Hilario alipiga ukelele, akamsukuma kwa bega. Nidia alianguka juu ya mashada. Mzee alikimbia makaburini kama hana gauti, akaokota koleo la mchimba kaburi na kumgeukia Bañuelos. Koleo lilipita, likampasua sajenti sikio. Bañuelos, damu ikimchuruzika shingoni, akamrukia, wakabingirika pamoja mpaka kwenye msalaba wa zege. Iliwachukua watu wanne kumlaza chini. Nidia ndiye aliyevuta shati, kifungo kikaruka.

Mikono yote miwili ilikuwa imebabuka. Madoa ya kahawia iliyokoza yalianzia kwenye vidole, yakapanda mpaka viwikoni, na kutoka hapo yalishuka mistari mistari, mahali maji yalipotiririkia. Malengelenge makubwa yalikuwa yamepasuka.

Mama mmoja aliyekuwa karibu alijipiga ishara ya msalaba. Hakuhitaji kuelezwa. Mazatlán mtoto wa miaka mitatu anakatazwa kushika ndimu na kutoka juani, kwa sababu maji ya ndimu yakipigwa na jua huunguza ngozi, na doa hujitokeza baada ya siku moja, mbili. Sote tumewahi kuwa na vidole vyenye madoa.

"Nilikamua ndimu za kinywaji," Hilario alihema.

"Kwa viwiko, don Hilario?"

Nidia aliugeuza mkono ule juani.

"Na jua la gizani chini ya feni lilikuunguzaje?"

Kituoni, ilipofika saa sita kasoro robo, alikuwa bado hajasema neno. Mwendesha mashtaka alipiga simu mara mbili. Madoa ya ngozi, alisema, si kitu. Vipimo vya damu kwenye ndimu vingechukua wiki tatu. Mkwe alikuwa anapandishwa gari.

Nidia alikata simu, akarudi mezani.

"Efraín naye alikaa juani Jumamosi, saa nzima, mikono wazi. Nimeiangalia leo. Haina hata doa. Wewe na mimi tunajua maana yake, ila hakimu ametoka mji mkuu, ndimu anaijua kwenye glasi tu. Atamfunga."

"Mnaye mtu wenu. Mwacheni mzee."

"Maclovia atajifungulia mlangoni mwa gereza. Ulimpa jina wewe. Ulimwahidi padri kwamba baba yake akifa, wewe ndiye baba. Ameshakufa. Haya, kuwa baba."

Hilario alifunika uso kwa mikono iliyobabuka, akaishusha haraka kwa maumivu.

"Andika," alisema.

Bañuelos, sikio limefungwa bandeji, alichukua kalamu.

"Alinialika. Kamba wa kwanza, kompadre, njoo tule kama zamani. Nikamenya naye. Aliweka parachichi, akaniongezea ndimu, akakaa mbele yangu. Nilikuwa nimefika nusu ya bilauri aliposema, 'Ulises hakuteleza.'"

"Endelea."

"Mguu ulinaswa kwenye wavu walipokuwa wanauvuta. Boti ya doria ilikuwa inakuja. Wavu umejaa kamba wa wizi, ukikutwa nao ni kifungo na boti inachukuliwa. Fidencio akakata kamba ya wavu. Wavu ukazama, na mwanangu ndani yake, mzima, macho wazi. Nikamuuliza, alisema kitu? Akaniambia, 'Alikuita wewe, kompadre. Mara mbili.' Kisha akachukua biskuti ya chumvi akaivunja."

Bañuelos alifungua ukurasa mpya. Hilario akaendelea.

"Mchi ulikuwa hapo. Nilipiga mpaka mkono ukachoka. Kisu sikikumbuki. Nilinawa, nikatembea kwa mguu njia ya ufukweni, nisionwe na madereva. Saa nzima juani. Usinitafutie maneno mengine, ndiyo hayo."

Alitia saini. Nidia alipiga simu. Gari lilirudishwa likiwa limeshafika mlangoni kwa hakimu. Dirishani alimwona Efraín akishuka, Maclovia akimpapasa uso, jicho lile lililovimba, shingo, mabega, kama anayehesabu kama vyote vimerudi.

Nidia alikunja faili. Kitu kimoja kilikuwa kinamkera tangu Jumamosi.

"Don Hilario, miezi mitatu amenyamaza. Kwa nini alikuambia sasa?"

"Alitaka nimsamehe."

"Daktari alipompasua alikuta ini limeoza lote. Saratani. Krismasi asingeiona. Ungengoja kidogo tu, angekufa mwenyewe, nawe ungekuwa kwako unamsubiri mjukuu."

Hilario alimtazama bila kupepesa.

"Najua. Hilo ndilo aliloanza nalo, kabla ya habari ya Ulises," alisema. "Ndiyo maana sikungoja."