Pumzi ya Bi Mkubwa

Kipande cha karatasi ngumu cha kupulizia mashine ya kupima pumzi kilitoka kwenye pakiti kikiwa kimelowa mate. Mpimaji wa mapafu akakitupa, akafungua kingine. Nacho kimelowa, tena kinanuka dawa ya kuchua kifua.

Wazee waliotangulia asubuhi ile walikuwa wamepuliza bila matatizo. Sasa ilikuwa zamu ya bibi mmoja, bi harusi wa miaka sitini na mitatu, aliyeshikana mkono na mumewe kama watoto wanaovuka barabara. Mpimaji alipowatania, bibi alimjibu kwamba mapenzi ni kikohozi, binti yangu, hayafichiki.

Akabanwa pua, akavuta hewa, akapuliza. Mstari wa mashine ukainuka kidogo, ukaanguka. Mara ya pili vilevile, na midomo ikamgeuka rangi. Mpimaji akamwomba mzee asubiri nje. Bibi akapuliza tena, na mstari ukapanda kama wa msichana.

Mzee akarudi, akamshika mkono, na papo hapo pumzi ikamkatika mkewe, ile harufu ya dawa ikajaa chumba kizima, na nyuma ya viti vyao mtu asiyeonekana akawa anapumua, anavuta kwa shida, anakoroma, anavuta tena, kama anayekunywa hewa kutoka kifuani mwa mwenzake.

"Ni yeye," mzee akanong'ona.

Akaeleza kwamba mke wake wa kwanza alikufa kwa ugonjwa wa kifua, na kabla ya kukata roho alimwambia: mwanamke yeyote utakayemshika mkono, pumzi yake ni yangu.

"Rudi kwa mwanao, mke wangu," akasema. "Nisije nikakuzika na wewe."

"Miaka kumi kwa mwanangu nilikula peke yangu," bibi akajibu, akihema. "Usiniache."

Mzee akaufungua mkono wake, kidole kimoja kimoja. Bibi akavuta hewa, akatoka akilia kwa kifua kizima.

Mzee alishindwa kuinuka. Kwa huruma, mpimaji akamshika mkono, akamsimamisha, akamfikisha mlangoni. Alipomwachia, kiganja chake kilibaki kinanuka dawa ya kuchua.

Kisha akamwita babu aliyefuata. Akafungua pakiti mpya. Kikavu. Moyo ukamtulia, akafungua kinywa kumwambia babu avute pumzi.

Sauti haikutoka. Na karibu na sikio lake, mtu asiyeonekana alikuwa anapumua, sasa vizuri kabisa.