Gita Linalia, Mwimbaji Yuko Wapi?

"Jamani, intro gani ile? Mtu anachezea nyuzi mpaka miguu inakufa ganzi, wimbo wenyewe hauanzi! Tulikuja kusikia wimbo au kumwangalia fundi akikaza gita?"

Aliyeandika hivyo ni shabiki aliyejiita Mguu Mzito, na asubuhi ile alikuwa amelichafua kundi zima la simu la mashabiki wa bendi ya Radi Kavu. Wengine walimshangilia, wengine walimwambia akasikilize matangazo ya redio kama hana subira.

"Wewe hujui muziki," alimjibu mmoja aliyejiita Binti Nyuzi Sita, mwenye picha ya gita jekundu. "Intro ndefu ndiyo roki yenyewe. Vidole, mpiga gita wetu, anapiga kwa roho."

"Roho gani? Wimbo wa dakika nne, intro dakika nane! Hiyo ni sahani kubwa kuliko chakula."

Aliyesimamia kundi hilo alikuwa dukani kwao, akisaga kioo cha miwani ya mteja. Watu wote walimwita Admin, hata mama yake mzazi siku hizi. Alikuwa mchumba wa Chuma, mwimbaji wa Radi Kavu, na harusi yao ilibaki mwezi mmoja tu. Kadi zilikuwa zimeshatoka kwa mchapaji. Admin alizoea magomvi ya mashabiki. Kila mwisho wa wiki ni hayo hayo: intro ndefu, intro fupi, Vidole bingwa, Vidole mchoshi. Alitaka kuiweka simu pembeni, ndipo Mguu Mzito akaandika tena.

"Halafu nimegundua kitu. Ile shoo ya ukumbi wa zamani Admin alikuwepo, Vidole akapiga kidogo tu, Chuma huyo akatoka. Uwanja wa shule, Admin alikuwepo, intro fupi. Shoo ambazo hayupo ndiyo tunakesha na gita. Admin, uje kila shoo basi, utuokolee miguu!"

Kundi zima likacheka. Admin hakucheka. Kioo kilimponyoka mkononi, kikaanguka sakafuni na kupata ufa katikati.

"Vipi wewe?" Dada yake, mwenye duka, aliinua kichwa. "Hicho ni cha mwalimu, anakifuata leo!"

"Dada, hebu soma hapa."

Dada alisoma, akasoma tena, akavuta kiti.

"Mdogo wangu, mwimbaji hatoki mpaka intro iishe, si ndiyo?"

"Ndiyo."

"Kwa hiyo gita likiwa linalia, yeye yuko wapi?"

"Nyuma ya pazia."

"Na nani?"

Admin aliichukua tena simu. Alifungua video ambazo mashabiki walizipiga, zile alizokuwa akizipandisha mwenyewe kwenye ukurasa wa bendi kwa mapenzi na vikopa juu. Safari hii hakusikiliza muziki, alitazama macho ya Vidole. Kila baada ya muda mpiga gita yule aligeuka kushoto, upande wa pazia, kama mtu aliyeachwa mlangoni alinde. Akiona bado, anarudia tena pale mwanzo, anaongeza mbwembwe, mashabiki wanapiga kelele kwa furaha. Kumbe wanamshangilia mlinzi!

"Huyo ana mtu," alisema Dada. "Na huyo Vidole anawafunikia."

"Usiseme hivyo, Dada."

"Kazi yetu hapa ni kuwapa watu macho. Na wewe vaa yako."

Simu ikalia. Binti Nyuzi Sita alikuwa ameandika tena kundini: "Acheni haraka. Chuma anatoka akiwa tayari. Mimi namjua."

Namjua! Admin alihisi damu inampanda kichwani. Akamfuata faraghani.

"Unamjuaje Chuma?"

Jibu lilichukua muda mrefu kuja, kama mtu anayetafuta kila herufi.

"Kuna mambo ya Chuma hata wewe Admin huyajui. Usiyachimbe, utaumia bure."

"Haya," alisema Dada baada ya kusomewa. "Unataka na mhuri?"

Jioni Chuma alipiga simu, sauti yake nzito ile ile iliyomlegeza Admin tangu siku ya kwanza.

"Mpenzi, Jumamosi usihangaike kuja. Ukumbi uko mbali, na wewe una kazi."

"Nani kasema ninahangaika?"

"Nakuonea huruma tu."

"Binti Nyuzi Sita ni nani?"

 

"Shabiki tu huyo," alisema Chuma.

"Anasema anakujua."

"Mashabiki wote wanasema wananijua. Ee... kadi umeshaanza kugawa?"

"Bado."

"Kwa nini?"

"Nasubiri intro iishe," alisema Admin, akakata simu.

Alizitoa kadi mezani, akazisukuma chini ya kitanda. Alilia kwa hasira kwanza, baadaye akalia kwa sababu alimpenda mwanamume yule, na alijua akimkuta na mtu hatakuwa na nguvu ya kumsamehe. Harusi itavunjika, na itakuwa ni yeye aliyeivunja kwa mkono wake.

Jumamosi alimtumia ujumbe: "Kazi nyingi, siji. Imba vizuri." Akajibiwa upesi mno: "Sawa mpenzi, pumzika." Akavaa viatu vya raba, visivyopiga kelele, akaenda.

Mlinzi wa mlango wa nyuma wa ukumbi alimtolea macho.

"Shemeji! Si Chuma kasema leo huji?"

"Nimebadili mawazo."

"Ngoja nimwambie kwanza."

"Ukimwambia, mimi na wewe tumekosana. Nipishe."

Mlinzi alisogea, lakini uso wake ulikuwa wa mtu aliyeona nyumba ya jirani inawaka moto. Naye anajua, alijisemea Admin. Wote wanajua.

Gita lilikuwa limeshaanza. Lilipanda taratibu, likashuka, likazunguka, likarudi. Ukumbini sauti zilianza kugawanyika, wengine "Vidole! Vidole!", wengine wakipiga miluzi na kudai wimbo. Admin alipita ujia mwembamba uliojaa makasha ya spika na nyaya, mpaka kwenye mlango wa chumba cha kubadilishia nguo. Ulikuwa umefungwa. Ndani ilisikika sauti ya mwanamke, ya chini, ya upole.

"Nipo. Siendi popote. Nishike mkono."

Kisha sauti ya Chuma, imekatika kabisa.

"Asijue. Nakuomba. Akijua ataniacha."

Admin hakubisha hodi. Aliupiga mlango kwa bega.

Koti la jukwaani lilikuwa limetundikwa msumarini. Chuma alikuwa amepiga magoti sakafuni, ameikumbatia ndoo ya plastiki, uso umelowa, midomo imepauka. Aliyemshika mkono alikuwa mama mzazi wa Vidole, mama mtu mzima aliyeendesha gari la bendi, ufunguo wa gari ukining'inia shingoni na taulo begani. Juu ya kiti simu yake ilikuwa wazi kwenye kundi la mashabiki. Pembeni ya jina, gita jekundu.

"Funga mlango, mwanangu," alisema yule mama bila kushtuka. "Watu watasikia."

"Binti Nyuzi Sita... ni wewe, Mama?"

"Kwani mimi si binti wa mtu?"

Admin aliufunga mlango. Alikuja na maneno makali aliyoyapanga njia nzima, yote yakamwishia mdomoni.

"Unaumwa?" alimuuliza Chuma.

"Siumwi."

"Sasa hii ni nini?"

Chuma hakumtazama.

"Naogopa."

"Unaogopa nini?"

"Watu. Jukwaa. Kila shoo, tangu ile ya kwanza. Nikisikia ule umati tumbo linageuka. Vidole anapiga mpaka nitulie. Siku nyingine natulia upesi. Siku nyingine ndiyo hivi."

"Mpiga ngoma anajua?"

"Anajua."

"Mlinzi wa mlango?"

"Anajua."

"Watu wote! Mpaka mlinzi! Mimi nalala na kadi za harusi chini ya kitanda, nawaza mwanamke, naona kila mtu adui, kumbe mlinzi wa mlango ni wako wa karibu kuliko mimi! Kwa nini, lakini?"

"Kwa sababu yako," alisema Chuma, na safari hii aliinua uso. "Unakumbuka ulichoandika chini ya picha yangu, kabla hata hatujazungumza? 'Huyu si mtu, ni chuma. Hajui hofu.' Jina hili ni wewe ulinipa. Mimi nikasema, mwanamke huyu kapenda chuma. Akinikuta nimekumbatia ndoo, ataondoka."

Admin alikaa juu ya kasha la spika. Aliyakumbuka maneno hayo. Aliyaandika akiwa dukani, baina ya wateja wawili, bila kufikiri.

"Na nikiwepo, mbona unatoka haraka?"

"Ukiwepo nakuogopa wewe kuliko umati wote ule. Nakimbilia jukwaani ili usinione. Halafu natapikia njiani tukirudi na bendi."

"Gari langu ni shahidi," alisema Mama Vidole. "Viti nimefua mpaka vimepoteza rangi."

Nje, gita lilipanda tena juu. Kuna mtu alipiga kelele, "Wimbooo!" na sauti ile ilikuwa ya Mguu Mzito, Admin angeapa.

"Mwanangu vidole vitachubuka," alisema yule mama kwa upole. "Amueni, jamani. Kama ni kuachana, muachane. Kama ni kuimba, mtu akaimbe."

Admin aliinuka. Alichukua taulo begani mwa yule mama, akamfuta Chuma uso, si kwa upole sana.

"Nimekasirika," alisema. "Nitakasirika kesho na keshokutwa. Si kwa sababu unaogopa. Ni kwa sababu uliniacha peke yangu na mawazo mabaya, na ulijua yananila."

"Nisamehe."

"Bado. Siku moja na wewe utasubiri, uone kunavyouma. Sasa inuka. Vaa koti."

"Miguu haina nguvu."

"Basi toka bila nguvu, mimi niko nyuma yako. Mama, nipe hiyo ndoo."

Alisimama kando ya pazia, upande wa kushoto, ndoo mkononi, mahali ambapo Vidole angemwona. Vidole aligeuka kama kawaida yake, akamwona shemeji yake na ndoo, nusura akose noti. Kisha akacheka peke yake mbele ya umati, akalishusha gita, akampa mwenzake nafasi.

Chuma alitoka. Sauti yake ilianza ikitetemeka kiasi kwamba mtu wa safu ya mbele aliinua kichwa. Aligeuka akamtazama Admin, Admin akaiinua ndoo kidogo. Na sauti ikapanda. Admin alilia pale pale nyuma ya pazia, kwa fahari na kwa hasira, asijue kipi kinazidi.

Siku iliyofuata, Chuma aliweka ujumbe wa sauti kundini, mwenyewe, bila kuombwa.

"Wapenzi wa Radi Kavu, mnagombana bure. Vidole hanogeshi wala hachoshi. Ananisubiri. Mimi nyuma natapika kwa woga. Huo ndio ukweli."

  Wa kwanza kujibu alikuwa Mguu Mzito: "Kaka, hata ikiwa nusu saa, nitasimama." Baada ya kidogo akaongeza: "Lakini viti viwepo."

Kadi ziligawiwa. Mguu Mzito alipata yake.

Siku ya harusi Vidole ndiye aliyepewa kazi ya kumpigia bibi harusi aingie ukumbini. Gita likaanza, wageni wakasimama, macho yote mlangoni. Mlango ukabaki umefungwa. Gita likazunguka, likarudi mwanzo. Bwana harusi, amesimama mbele na suti yake mpya, alianza kufuta jasho.

"Nilijua!" alisikika Mguu Mzito kutoka safu ya nyuma. "Hata leo!"

Nyuma ya mlango, Dada alikuwa anamvuta Admin shela.

"Ingia basi! Mtoto wa watu atazimia."

"Bado kidogo. Nilimwambia atasubiri."

"Ameshasubiri! Intro imeisha, imeanza upya!"

Admin alicheka, akainua mguu apige hatua. Mguu ukakataa. Aliutazama kama si wake. Akasikia umati kwa ndani, viti vikisogea, watu wakinong'ona, na tumbo lake likageuka.

"Dada," alisema taratibu. "Naogopa."

"Usinitanie."

"Naogopa kweli. Watu wote wale."

Dada alifungua mdomo, lakini kabla hajasema, mlango ulifunguka kwa ndani. Chuma alikuwa ameiacha nafasi yake mbele ya wageni wote, ametembea ukumbi mzima hadi mlangoni. Mkononi alikuwa na ndoo ya plastiki. Nyuma yake, Mama Vidole, na miwani mipya aliyokatiwa na Admin, aliwapungia mkono kutoka kitini kwake. Mama yule hatoki nyumbani bila ndoo yake.

"Nilidhani unanikomoa," alisema Chuma.

"Nilikuwa nakukomoa. Sasa sikukomoi tena. Miguu haina nguvu."

"Haina shida. Nipo. Nishike mkono."

Admin aliushika. Kiganja chake kilikuwa na jasho, na cha Chuma vilevile, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyekificha.

"Nimekusamehe," alisema Admin. "Kama ulikuwa bado unasubiri."

Waliingia pamoja, bibi harusi, bwana harusi na ndoo yao. Vidole aliwaona wanakuja, angeweza kumaliza pale pale. Hakumaliza. Aliendelea kupiga, kwa sababu siku hiyo hakuwa anamsubiri mtu, alikuwa amefurahi tu, na Mguu Mzito alisimama mpaka mwisho.