Gari Lilipimwa, Karatasi Niliisoma Mimi

Nilinyoosha kidole mbele ya msiba mzima nikasema, "Huyu hapa ndiye aliyemuua mume wangu."

Watu wakageuka.

Yassir alikuwa amesimama pembeni ya zizi, kofia mkononi, mfuko wa sukari kwapani. Alikuja kuhani.

Hakukimbia. Aliniangalia tu, kama mtu anayesubiri umalizie sentensi yako...

Sikumalizia.

Fimbo ya kwanza aliipiga shemeji yangu, Makene.

Ndugu zangu wa humu ndani, najua mmenizoea nikipost bei ya mchele. Leo sina mchele. Leo nina jambo la miaka tisa na limenishinda kulibeba. Mkitaka kunitukana mnitukane mwishoni, sio katikati, maana nikisimama sitaendelea tena.

Naitwa Nyanzobe. Mimi, mume wangu Mhoja, mama yake na mdogo wake Makene tulihamia bonde la Momba na ng'ombe wetu, tukitokea Maswa. Ninayoyasimulia ni ya mwaka 2006.

Mimi nilimaliza darasa la saba. Msicheke! Kwenye boma letu zima aliyejua kusoma ni mimi peke yangu. Barua ikija, nasoma mimi. Chupa ya dawa ya ng'ombe, nasoma mimi.

Mhoja alikuwa akinisifia kwa kila mgeni mpaka naona aibu. Na mama mkwe hakuacha kukumbusha kwamba nilitolewa ng'ombe wengi kuliko binti yeyote wa ukoo wao, kwa sababu ya hilo hilo darasa la saba.

Sasa niambieni. Mwanamke aliyetolewa zizi zima kwa ajili ya kusoma, ataanzia wapi kusema kuna kitu hajakielewa?

Shikeni hapo.

Mwaka huo Mhoja aliuza ng'ombe akanunua Kanta ya bluu, lori dogo lililotumika. Mchele wetu ulikuwa unakaa ndani mpaka panya wanauzoea, kwa kukosa usafiri. Kuendesha alijua, aliwahi kuendesha trekta la kijiji kule Maswa.

Aliyetutafutia gari ni Yassir, dalali wa pale Tunduma, mtu wa Kigoma. Mdomo wake hauna breki, ila sikuwahi kusikia mtu akimwita tapeli.

Siku ya kukabidhiana alimwambia mume wangu hivi, na mimi nilikuwepo:

"Kaka Mhoja, mimi ni dalali, sio fundi. Gari hili kabla halijapakia mtu, lipelekeni likapimwe. Gari linapimwa kila mwaka. Wakisema breki mbovu, nirudishieni, gharama ni yangu."

Halafu akaitwa na mteja wa upande wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, akaondoka mbio.

Likapimwe. Wapi, hakusema.

Nyie wa mjini mnajua. Gari anapima trafiki mkaguzi, anaingia uvunguni, anajaribu breki, anawasha taa, likifaulu unabandikiwa stika kwenye kioo. Sisi watu wa bondeni tungejulia wapi? Kwetu kinachopimwa ni shamba, mchele, na mtoto akienda kliniki.

Tukamuuliza mbadilisha hela mmoja pale barabarani, magari yanapimiwa wapi? Macho yake yalikuwa kwa Mzambia mwenye kwacha, hata hakutuangalia. Akasema twende mizani, tushike barabara ya Mbeya, foleni tutaiona wenyewe.

Tukaenda.

Ndiyo... mizani. Pale malori yanapopimwa uzito wa mzigo.

Tulikaa kwenye foleni kwa muda wa saa tatu na Kanta yetu tupu, mbele semitrela, nyuma semitrela. Binti yetu Blessing, miaka sita, amekaa katikati yetu anahesabu matairi.

Dereva mmoja Mzambia akashuka kwenye lori lake, akaja dirishani kwangu.

"Bamayo," yaani mama, akaniambia kwa Kiswahili chake cha mpakani, "hapa wanapima mzigo. Mzigo wenu uko wapi?"

Nikamwambia sisi tumekuja kupima gari. Akatikisa kichwa akarudi zake. Kwa kelele za malori Mhoja hakumsikia, akaniuliza kasemaje yule. Nikamjibu anatusalimia. Nilijiambia Wazambia wana utani mwingi.

Gari likapanda mizani, likashuka. Mtu wa dirisha la mizani alishangaa kidogo kuona hatujabeba kitu, ila tuliomba kupimwa na yeye akapima. Akatupa karatasi.

Mhoja aliipokea akanikabidhi kwa mikono miwili. Madereva walikuwa wamesimama pale wanatutazama, wengine wameanza kutabasamu. Akapandisha sauti ili wasikie.

"Soma, mama Blessing. Wamesemaje?"

Nikasoma. Kiingereza na namba. Namba ya gari niliijua, tarehe niliijua. Chini kabisa pameandikwa OK.

Nikasema, "Limepimwa. Limefaulu."

Mhoja alicheka mpaka nikaliona jino lake la nyuma lililooza. Alifurahi yule mwanaume... jamani.

Tukarudi mjini kupakia. Chumvi, sabuni, na bati mbili za mama mkwe. Tumeshaianza safari ya bondeni, simu ya tochi ikaita kwenye mkoba wangu. Yassir huyo, anataka kujua kama tumepima. Nikamwambia tumepima, limefaulu.

"Mmepimia wapi, shemeji?"

Simu ikakatika. Mnaukumbuka mtandao wa miaka ile.

Mteremko wa kushukia bondeni unaanza taratibu, unadhani ni barabara ya kawaida. Mhoja akakanyaga breki mara ya kwanza, ikashika. Mara ya pili ikazama kidogo. Mara ya tatu niliuona mguu wake unaenda mpaka chini na gari halina habari.

Akaniambia nimshike mtoto.

Halafu akageuka, akaniangalia usoni, akasema sentensi moja. Hiyo niacheni kwanza. Nitawaambia mwishoni nikiweza.

Akakata usukani upande wake, mlango wake ukaupiga ukingo wa mlima. Angeweza kukata upande wetu. Nimelala na hilo miaka tisa.

Mhoja alifia pale pale. Blessing alivunjika mguu wa kushoto, mfupa ukaunga vibaya, mpaka leo anachechemea. Mimi nilitoka na mchubuko wa kiwiko.

Mchubuko wa kiwiko!

Trafiki alipofika aliuliza stika iko wapi. Nikafungua fundo la kanga nikampa ile karatasi. Aliisoma, akaikunja vizuri, akanirudishia. Akasema pole mama. Sikumuuliza kitu, na yeye hakuongeza.

Sasa turudi msibani.

Makene alikuwa hali wala halali. Anazunguka boma anauliza kila mtu swali moja: nani alimwambia kaka yangu gari ni zima? Mama mkwe anamlilia mwanawe, akipumzika analilia ng'ombe. Na kila Makene akipita mbele yangu, mimi najisikia kama nguo zinanivuka.

Ndipo Yassir akatokea na sukari yake.

Nikanyoosha kidole. Nikasema huyu ndiye aliyetutuma mizani, akatudanganya ile karatasi ndiyo ukaguzi wenyewe.

Walimvunja goti. Wazee walipofaulu kuwatoa, tayari lilikuwa limeshageuka upande.

Hakwenda polisi. Na mimi nikajiambia, kama hana kosa mbona haendi polisi? Mtu akitaka kujidanganya hakosi sababu.

Miaka ikaenda. Nikahamia Tunduma na biashara yangu ya mchele. Makene alinisimamia kama mwanaume wa kweli, ada ya Blessing analipa yeye, sikukuu anakuja na mbuzi. Kila akija anaapa kwamba akimwona Yassir atamalizia goti la pili. Mimi namkaribisha ugali.

Wiki tatu zilizopita Blessing, sasa yuko kidato cha pili, alikuwa anatafuta cheti chake cha kuzaliwa kwenye kopo la maziwa ninalotunzia karatasi zangu. Nilikuwa jikoni. Akaja amesimama mlangoni.

"Mama, hii karatasi ya mizani ni ya nini?"

Nikamwambia ndiyo hiyo, ya gari la baba yake. Ndiyo aliyotudanganyia Yassir.

Akaisoma. Akaweka kidole.

"Hapa pameandikwa kg."

Nikamwambia mwanangu, Kiingereza cha watu wale mimi ningekielewea wapi?

"kg sio Kiingereza, mama. Wewe unauza mchele."

...

Ndugu zangu, nilijua.

Pale pale mizani, nilipoziona zile kg zimepangana, nilijua ni uzito. Mchele nilikuwa napima kwa kilo tangu bondeni, ningeachaje kujua? Na Mzambia nilimwelewa. Nilijua tumepotea mahali. Ila watu walikuwa wanatutazama, mume wangu amepandisha sauti kwa kujivunia mimi, na nikaona nikisema hapa sipo, tutachekwa wote wawili. Na habari ikifika bondeni, mama mkwe atapata la kusema mpaka afe. Nikajiambia tutauliza vizuri siku nyingine.

Na ile simu haikukatika.

Niliikata mimi. Yassir aliuliza mmepimia wapi, Mhoja yuko pembeni ananisikiliza, ningejibu nini? Niliikata, nikaizima kabisa, nikasema mtandao.

Yote hayo nilimwambia Blessing pale pale jikoni. Akaikunja karatasi.

"Ndiyo maana baba alikuuliza vile?"

Alikuwa amekaa katikati yetu. Nilikuwa nimemkumbatia mwenyewe. Miaka yote hiyo nilidhani mtoto amesahau.

Kesho yake alifunga nguo zake akaenda kwa Makene. Hajamwambia kitu. Aliniambia tu, "Utasema mwenyewe."

Nilianza kwa Yassir. Sikuhitaji kumtafuta, najua anapokaa, anauza vocha karibu na mpaka, gongo lake la kutembelea ameliegemeza ukutani. Huwa nazunguka barabara nyingine ili nisipite pale. Siku hiyo nilipita. Nikapiga magoti, nikamwambia yote.

Hakushangaa hata kidogo.

"Shemeji, simu iliyokatika naijua, na simu iliyokatwa naijua," akasema. "Nilijua tangu siku ile."

Nikamuuliza kwa nini basi hakusema pale msibani, hakujitetea. Akasema nilikuwa mjane wa siku mbili, na mtoto yuko hospitali, angeanza kubishana na mimi saa ngapi? Alidhani nitamalizia mwenyewe.

Nikamwomba radhi. Akaliangalia goti lake.

"Hukunisema uchochoroni, shemeji. Ulinisema mbele ya watu. Kaseme mbele ya watu."

Msiba ule siwezi kuuita tena. Wazee wengine wamekufa, wengine wamehama na ng'ombe. Mbele ya watu niliyobaki nayo ni hapa.

Makene yumo humu. Shemeji, najua siku hizi unasoma, Blessing alishakufundisha herufi, na huwa unanilaikia mchele. Ile fimbo ilikuwa yangu. Ada yote uliyolipa, mbuzi wote uliowaleta, ulikuwa unamletea mtu uliyekuwa unamtafuta. Sitegemei ujibu. Ukija, mlango hauna komeo.

Wengine mtaniambia nimefanya vizuri kusema, nimetua mzigo. Sijatua kitu. Goti la Yassir halinyooki kwa post. Mhoja yuko chini. Leo asubuhi nimempigia Blessing, ikaita mara mbili, halafu kimya. Haikukatika. Na mimi sasa naijua tofauti.

Wenye magari, muulize mkaguzi yuko wapi mpaka mpajue kwa miguu yenu, msiridhike na jibu la barabarani. Na wewe unayetegemewa kusoma nyumbani kwenu, ukipewa karatasi hujaielewa, sema hujaielewa. Utachekwa siku moja, halafu watasahau. Mimi nilikwepa kicheko cha madereva nisiowajua hata majina.

Niliwaahidi sentensi ya Mhoja.

Hakuwa amekasirika, naomba mlijue hilo. Aliuliza vile vile alivyozoea kuniuliza barua imesemaje.

"Mama Blessing, si ulisema limefaulu?"

Nilikuwa na muda wa kumjibu. Mteremko ule ni mrefu.