Kichupa Nilichokijaribu

Kila Jumamosi mimi na mama hufungua kibanda chetu cha tochi na kufuli hapa Busia. Kazi yangu ni kuwajaribia wateja. Nawasha tochi, nafungua kufuli, ndipo watoe pesa. Hapa mpakani hakuna anayebeba kitu bila kukijaribu kwanza, na kwa kujaribu vitu, mimi Athieno sina mpinzani.

Ndiyo maana nikafanya ujinga wangu. Ijumaa, Sista Proscovia wa zahanati alimpa mama kichupa cha dawa ya puani kwa ajili ya mdogo wangu Owor, mwenye kifafa.

"Akianguka, mlaze ubavu, uangalie saa," alisema. "Dakika tano zikipita hajatulia, mpulizie puani. Kichupa kinatosha mara moja tu."

Mama alipogeuka, nikakibonyeza. Fyuu! Ute ukanasa kiganjani. Niliufuta kwa gauni, ukang'ang'ania. Nikabonyeza tena, ikatoka hewa tupu. Nikakirudisha kwenye boksi lake, nisimwambie mtu.

Jumamosi saa nne asubuhi, Owor akaanguka kibandani. Macho yaligeuka, mikono na miguu ikaanza kutikisika. Mama akamlaza ubavu, akatoa kichupa, akaikazia macho saa ya simu.

"Dakika moja," alisema. "Usiogope, Athieno. Dawa tunayo."

Tunayo! Nilitamani ardhi inimeze. Nikisema, mama hatanisamehe. Nisiposema je? Midomo ya Owor ilianza kubadilika rangi.

"Dakika mbili."

"Mama, hicho ni kitupu!" nikalia. "Nilikijaribu jana. Ni mimi, mama!"

Mama akakiacha kichupa, akageukia barabara.

"Kevo!" akamwita msukuma mkokoteni aliyekuwa akipita. "Nisaidie, mwanangu anakufa!"

Kevo akashusha magunia yake palepale, tukamlaza Owor mkokotenini.

"Pisheni! Pisheni, jamani!" alipaza sauti, akikimbia.

Mama alimshikilia Owor abaki amelala ubavu. Mimi nilishika simu nikitaja dakika. Tatu. Nne. Lori likatuzibia njia, Kevo akapitia kando ya mtaro. Tano. Ya sita ikatukuta mlangoni mwa zahanati.

Sista alichukua kichupa kingine, akampulizia. Ute ukang'aa puani, mama akanyoosha leso amfute.

"Usimfute, mama!" Sista akamzuia. "Huo ute ndio unaoshika dawa. Unanata ndani ya pua kama mboga ya mrenda kwenye sahani, ili dawa isichuruzike kabla haijaingia mwilini."

Tukangoja. Nilikuwa namwomba Mungu kimoyomoyo. Mguu ukatulia, kisha mkono. Owor akashusha pumzi ndefu, akalala. Mama akaangua kilio, nami pia.

Nilimweleza Sista kila kitu. Hakunibembeleza.

"Dawa si tochi, Athieno. Ungesema jana ileile, ningempa mama kichupa kingine, na leo msingekimbizana na mkokoteni. Ungenyamaza hata leo, mama angepuliza hewa, kisha angekaa kungoja. Umechelewa kusema ukweli, lakini umesema, na ndugu yako yu hai. Siku nyingine usichelewe."

Akatoa kichupa kipya. Nilificha mikono mgongoni, lakini mama akaushika mkono wangu, akakiweka kiganjani.

"Utakibeba wewe," alisema. "Kikiharibika, najua utaniambia."