Mke Mwenza Asiyetajwa

Mafuta yalichemka, yakafuka moshi, maandazi yakaumuka na kuiva vizuri, lakini harufu hakuna. Burulai aliinamia sufuria, akavuta pumzi mpaka kifua kikajaa. Hola. Akadhani ana mafua, akaokota andazi moja, akalitafuna. Ladha ilikuwepo. Harufu ndiyo iliyokosekana.

Na siku ya Alhamisi harufu ndiyo kazi yenyewe. Huko kwao, milimani juu ya mto Naryn, kila Alhamisi mwanamke wa nyumba hukaanga maandazi ili harufu ya mafuta iwafikie marehemu, naye huwataja mmoja mmoja: imfikie fulani, imfikie na fulani. Mama mkwe wake, Kanishai, alipokwenda kumlea bintiye aliyejifungua, alimwachia sufuria hiyo pamoja na onyo. "Usimsahau mtu, mwanangu. Wanangoja."

Burulai hakusahau. Alikusudia. Alimtaja baba mkwe, akataja mababu na mabibi wa ukoo mzima, hata mjomba mmoja mlevi aliyeanguka kutoka juu ya farasi. Jina moja tu alilimeza kila Alhamisi: Seyilkan, mke wa kwanza wa mumewe.

Jamani, wivu huo! Mtu yuko chini ya udongo mwaka wa tatu, bado anaonewa gere. Lakini nani atamlaumu Burulai? Mumewe, Temirkul, hakuwa mtu mbaya, ila akila anachopikiwa husema "si haba", na akisinzia baada ya chakula humwita marehemu kwa sauti ambayo Burulai hajawahi kuitwa nayo. Afadhali mke mwenza aliye hai, mtatukanana mtoni mmalizane. Huyu wa kaburini hazeeki, hanuni, wala hazidishi chumvi. Utamshindaje?

"Maiti hana pua," Burulai alijiambia mbele ya sufuria. "Nikimnyima atajuaje?"

Basi kuanzia siku ile harufu zikaanza kumpotea. Nyama ya kondoo ikachemka haina harufu, mkate ukatoka motoni hauna harufu, hata zizi la farasi, ambalo mgeni hulijua kabla hajaliona, kwake likawa kama halipo. Angemwambia nani?

Alasiri moja Temirkul alirudi kutoka malishoni, akapita nyuma yake jikoni, akasimama ghafla.

"Umejipaka nini wewe?"

"Sijajipaka kitu."

"Mnanaa," alisema. "Mnanaa wa mtoni." Akazika uso wake kwenye nywele za mkewe, akamkumbatia na kumbana kwa nguvu, akakaa hivyo muda mrefu. Burulai alifurahi. Ndiyo, alifurahi, maana alikuwa amekiomba kitu hicho tangu siku ya ndoa. Kisha akakumbuka kwamba nywele zake hajawahi kuziosha kwa mnanaa hata siku moja.

"Nani alikuwa akiosha nywele kwa mnanaa?" aliuliza polepole.

Temirkul akamwachia. Alikuwa na machozi. "Usiniulize," alisema, akatoka nje.

Ndipo sauti zikaanza. Akiwa peke yake, akikanda unga mchana kweupe, alisikia kitana kikipita kwenye nywele ndefu nyuma ya mgongo wake, taratibu, kuanzia utosini hadi kiunoni, kikitulia, kikianza tena, na akigeuka hakuna mtu, na akirudi kwenye unga wake kinaendelea, sasa karibu zaidi, mpaka siku moja alihisi meno ya kitana yakigusa ngozi ya kichwa chake mwenyewe, akashika nywele zake kwa mikono yenye unga, akakuta zimesukwa vizuri kwa msuko ambao hakuusuka yeye.

Kanishai aliporudi alifika kizingitini tu, mzigo ukamdondoka.

"Seyilkan? Mwanangu, ni wewe?"

"Ni mimi, mama. Burulai."

Yule mama akanusa hewa, akashusha sauti. "Ulimtaja?"

Burulai akainama kuokota mzigo.

"Nakuuliza, ulimtaja?"

"Sikumtaja, mama. Nilimwonea wivu."

"Lahaula! Umemshindisha marehemu njaa? Ulidhani anayekufa anazimika kama taa?" Akamshika mkono, akaogopa, akauachia. "Usitoke. Usimwambie mtu. Naenda kumwita Ayimkan."

Ayimkan alikuwa mganga, mwanamke mfupi, mwenye maneno machache. Alifukiza chumba kizima kwa mreteni, mti wa mlimani ambao moshi wake hufukuza pepo, akabandika sufuria ya mafuta, akamkalisha Burulai mbele yake, mume upande mmoja, mama mkwe upande wa pili.

"Mtaje," alimnong'oneza. "Kwa moyo safi. Akishiba ataondoka."

Moyo safi! Burulai alijaribu. Alimtazama mumewe, akaona jinsi alivyoinama mbele akilingoja jina lile kama mtu mwenye kiu, na wivu ukamchoma upya, akalitamka jina huku anachukia kila herufi yake.

"Imfikie Seyilkan."

Jina halikwenda popote. Lilimrudia kooni, likashuka, likajaza kifua, likajaza mikono, na yeye akasukumwa pembeni ndani ya mwili wake mwenyewe, mpaka hakuwa na ulimi, hakuwa na vidole, hakuwa na kope za kufumba.

Mdomo wake ukacheka.

"Temirkul," ukasema kwa sauti nyingine, laini. "Mbona umekonda hivi, mume wangu? Huyu alikuwa hakupikii?"

Kanishai akajifunika uso kwa mtandio.

"Nimemshika," Ayimkan alisema upesi, jasho likimtiririka. "Naweza kumtoa sasa hivi, lakini si bila mwenye nyumba. Sema neno moja, Temirkul. Mwambie nenda. Moshi ukiisha sitaweza tena."

Watu huuliza kama anayesukumwa pembeni mwilini mwake hubaki anajua. Burulai alijua. Alisikia kuni zikipasuka, aliona moshi wa mreteni ukipungua, alimlilia mumewe kwa nguvu zote, mimi hapa, mimi mkeo, na hakuna hata unywele uliotikisika.

Temirkul hakusema nenda. Alivuta bakuli na birika la chai. Kwa watu wa kule, mgeni asiyetakiwa hujaziwa bakuli mpaka ukingoni, anywe aende zake. Anayetakiwa akae humiminiwa kidogo tu, aombe tena na tena. Temirkul alimimina chai ya kufunika kitako cha bakuli, akalisogeza kwa mikono miwili.

"Kunywa, Seyil," alisema. "Nitakuongezea."